Kamba Ikishaachia

Jumanne, 27 Februari 1996

Umekatika! Waya wa angani umekatika!

Nimeisikia habari redioni dukani kwa Dickson, nilipokwenda kununua sabuni. Wale Wamarekani na Waitaliano walikuwa wanaachia setilaiti itoke kwenye chombo chao ikiwa imefungwa kwa waya, karibu kilometa ishirini, mwembamba kama kamba ya kiatu. Ulibaki kidogo tu ufike mwisho — pa! Setilaiti imekwenda zake.

Nimerudi nyumbani mbio, sabuni nimeiacha kaunta. Mume wangu Aliko alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya mto, imevimba inang'aa. Nikamwambia. Nilidhani atasikitika. Kacheka mpaka kakohoa! Imekwenda wapi hiyo setilaiti, juu au chini? Nikamwambia wamesema imepanda juu. Kapiga kofi kwenye kochi. Si tuliandika? Si ndivyo tulivyoandika?

Ndivyo tulivyoandika. Miaka mitatu tunakiandika hiki kijitabu, mimi na yeye, jioni moja moja, tukimaliza kusahihisha madaftari. Kombeo la angani, kwa kidato cha tatu na cha nne. Kamba ndefu inaizunguka dunia huku yenyewe inapinduka kichwa chini miguu juu. Ncha ya chini inauokota mzigo kwenye obiti ya chini, inaubeba nusu mzunguko, inauachia kule juu. Mzigo unakwenda obiti ya juu bila tone la mafuta! Maana roketi inachoma mafuta kubeba mafuta yake yenyewe — kama lori litoke Dar limejaa dizeli ya kulifikisha Kyela, mzigo wenyewe mfuko mmoja wa chumvi. Imebaki sura ya mwisho tu, inayohusu kamba yenyewe.

Dickson aliniuliza, mwalimu, huyo aliyekatikiwa na waya ni ndugu yako?

Jioni limekuja neno kutoka Makwale, kwao Aliko. Mzee, baba yake, anakuja Ijumaa kumchukua mwanawe, akauguzwe nyumbani. Daktari wa Mbeya alishasema figo zimechoka, hakuna la kuongeza. Sijaulizwa. Nani aniulize?


Ijumaa, 1 Machi

Wamemchukua.

Mzee kaja na pikapu ya mnunuzi mmoja wa mpunga. Mama Mkwe katangulia kuingia. Nkamwana, mke wa mwanangu, kaniambia, jiweke pembeni, Mzee anashuka. Nijiweke wapi? Nyumba ya walimu, vyumba viwili! Nikaingia chooni. Choo cha nyumba yangu mwenyewe! Miaka tisa nimeolewa na sura ya baba mkwe siijui. Namjua kwa kikohozi, kofia na mgongo. Hata humu, daftari langu mwenyewe, mkono unakataa kuliandika jina lake. Mama yangu kule Lyulilo, kabla sijaolewa, alinikalisha kwenye vyungu vyake akaniambia: wewe unakwenda kwa watu wanaotila. Ukimwona baba mkwe, ingia migombani. Usimtazame, usiseme naye, usikae chumba kimoja naye. Nikasema sawa. Wakati ule niliona ni jambo dogo.

Nilimsikia Aliko akiuliza, Tusekile yuko wapi? Mama akamjibu, yupo, anakusikia. Kweli nilikuwa namsikia. Ila Mzee alikuwa amemshika kwapani, ningejibuje?

Pikapu ikaondoka. Sikumuaga mume wangu! Nimekaa kwenye kochi, lina joto lake bado. Nimelia mpaka kichwa kinagonga.


Jumatano, 6 Machi

Kidato cha tatu. Mwendo wa mzunguko. Nimewatoa nje na makombeo. Nani Kyela hajaamia ndege kwenye mpunga? Nikauliza, jiwe likiachiwa linakwenda wapi? Mbele, mwalimu! Na mkono wako unakwenda wapi? Tumpale, yule mtoro, kasema mkono unabaki kwa sababu miguu iko chini. Na kama miguu haiko chini? Kama unaelea? Kafikiri, kakuna kichwa. Basi na wewe unarudi nyuma, mwalimu.

Nilitaka kumkumbatia! Halafu nikakumbuka nikifika nyumbani hakuna wa kumsimulia.

Jiwe moja limeangusha papai la mkuu wa shule. Kaniita ofisini, kauliza kama hayo yamo kwenye silabasi. Nikasema yamo.


Jumapili, 10 Machi

Nimemwona!

Nimeondoka Kyela alfajiri kwa baiskeli ya kukodi, Makwale nimefika nimelowa matope mpaka kiunoni. Mama kanipokea jikoni. Tumesalimiana, ugonile, ndaga, kanipa maji ya kunawa, kisha kanieleza mambo yalivyo. Mzee habanduki kitandani kwa Aliko. Analala kwenye mkeka pale pale. Kisa ni Eliya, yule kaka mkubwa wa Aliko. Eliya alifariki Mzee akiwa migodini Zambia, akarudi akakuta kaburi limeota majani. Huyu wa pili ameapa hatamwacha hata kwa saa moja. Ila kwa Mungu anakwenda, ni mzee wa kanisa. Kwa hiyo mimi na mume wangu tunayo ibada ya Jumapili, basi.

Nikajificha jikoni mpaka kofia ikapita migombani. Nikaingia.

Aliko amepungua uso na ameongezeka miguu. Kanishika mkono. Kisha kasema, umewahi dirisha.

Ni neno letu la kwenye kijitabu. Ncha ya kamba ikifika chini kabisa inakuwa inarudi nyuma, kwa hiyo kwa nukta chache tu mwendo wake na wa mzigo unakuwa sawa, kama vile vyote vimesimama. Hapo ndipo pa kushikana. Ukichelewa, unasubiri mpaka kamba izunguke tena. Kasema, mchungaji wa leo anapenda kuhubiri, tutapata ukurasa mzima.

Na kweli tukabishana kama zamani! Sura ya mwisho. Kamba ikirusha mzigo juu, yenyewe inashuka kidogo. Ikirusha tena, inashuka tena. Mwisho inaigusa hewa ya dunia, inaungua. Sasa itapandaje upya? Mimi nasema umeme. Jua linatoa umeme, umeme unapita kwenye waya, unasukumana na usumaku wa dunia, kamba inapanda polepole. Yeye hataki. Waya wako umekatika juzi tu! Yeye anasema kamba idake na vya kushuka. Kinachotoka juu ikikidaka na kukishusha, chenyewe kinaipandisha. Nikamwambia, Aliko, nani anashuka? Kila mtu anataka kupandishwa tu! Kacheka. Meno yake yanaonekana makubwa siku hizi.

Kengele. Nimetokea mlango wa nyuma na kandambili moja mkononi. Kikohozi kikaingia mlango wa mbele.


Jumapili, 17 Machi

Mzee hakwenda kanisani. Aliko alitapika usiku, basi baba hakutoka.

Nimekaa jikoni mchana kutwa, mita chache tu kutoka kwa mume wangu, katikati ukuta. Naona moshi wangu unavyopita juu ya dirisha lake. Mama Mkwe ndiye kawa simu yetu, maskini, na sufuria ya uji mkononi. Anasema umeme wako hapana, kamata cha kushuka. Nikamtuma, mwulize kitashuka lini? Kaenda. Karudi. Anasema usiwe na haraka. Na Mzee anauliza, mnagombana?

Nikamwambia Mama, mwambie Aliko hatugombani. Mzee siwezi kumjibu mimi.

Mama kakaa kwenye kigoda, kanitazama. Hiyo kamba ni ya nini hasa, mwanangu? Nikamweleza na mwiko na uzi. Kasikiliza vizuri tu. Kisha kasema, watu hawana chumvi na nyie mnafunga kamba mawinguni. Hakusema kwa ubaya. Na mimi najiuliza hayo hayo kila siku. Mwanamke ana mume anayekufa, naye anabishana usumaku wa dunia kupitia mdomo wa mama mkwe!

Lakini nikiacha kubishana nitamtumia maneno gani? Ya kumuaga?

Nimeliandika neno "anayekufa". Sitalifuta.


Jumamosi, 23 Machi

Shule imefungwa. Nimehamia Makwale na mfuko wangu mmoja. Nalala jikoni na kuku.

Habari njema — ndege wamevamia mpunga! Sijawahi kuwapenda ndege namna hii. Mpunga wa Mzee umetangulia, punje zimeanza kujaa, na wa kuamia hakuna, vijana wote wako Njisi mpakani wanavusha sukari ya Malawi kwa baiskeli. Shamba likiliwa hawa watu watakula nini? Kwa hiyo Mzee anakwenda asubuhi, anarudi jua likiwa kali, ndege wakitulia. Amekataa kwanza. Aliko mwenyewe ndiye kamwambia, tata, nenda, nitakungoja.

Asubuhi yote ni yangu. Kila siku!


Ijumaa, 29 Machi

Wiki nzuri. Naona haya kuiita nzuri.

Namwosha miguu kwa maji ya vuguvugu. Nikibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nikimaliza namsomea kijitabu kuanzia mwanzo, maana macho yake hayashiki tena maandishi. Ananisahihisha: hapa punguza maneno, hapa mtoto wa kidato cha tatu atalala. Jana kasinzia katikati ya sentensi, nikaendelea kusoma hivyo hivyo kwa kuogopa kunyamaza. Nampenda jamani. Sikuwahi kuliandika humu kwa sababu nilikuwa namwambia mwenyewe.

Kitu kimoja. Kwenye kiti cha Mzee pale kitandani nimekuta kamba mpya ya gome, amesokota nusu. Nikauliza, anasokota nini? Aliko kasema, kombeo la ndege. Nimemweleza kamba yetu, kila jioni ananiuliza kipande. Kauliza nini? Aliko kafumba macho. Tata kauliza kama anayerushwa anaumia.

Mvua imeanza. Kubwa.


Jumanne, 2 Aprili

Siku mbaya. Siku mbaya kuliko zote!

Mvua ya tangu Ijumaa haikukatika. Leo asubuhi ikapumua kidogo, Mzee akaenda kutazama shamba. Mimi nikaingia na beseni. Sikujua kuwa mto umeshavunja kingo. Hakuna shamba! Maji matupu, ndege wenyewe wamehama. Sasa mtu akikuta shamba limekuwa ziwa atakaa huko afanye nini? Kageuza pale pale.

Nilikuwa nimeinama namkausha Aliko vidole. Sikusikia kikohozi, mvua ilirudi juu ya bati. Nikageuka na beseni langu nitoke. Mzee alikuwa mlangoni.

Tumetazamana. Uso kwa uso, hatua moja. Ana uso wa Aliko! Uso ule ule, umezeeka tu. Maji yalikuwa yanamtiririka, au alikuwa anaulilia mpunga wake, sijui. Beseni likaanguka. Nikajifunika kanga kichwani, nikapiga magoti pale kwenye maji machafu, sikuwa na pa kupita. Na yeye hakuwa na pa kupita. Kageukia ukuta, na mimi nikatambaa nyuma ya miguu yake mpaka nje. Mwalimu wa fizikia anatambaa.

Nimeingia migombani nikakaa kwenye mvua mpaka Mama kaja kuniokota. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.


Jumatano, 3 Aprili

Aliko ana homa. Tumbo limejaa maji. Ananung'unika tu.


Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Shangazi Veronika kafika, dada wa Mzee, kavuka mafuriko kwa mtumbwi. Hakuja kuimba nyimbo za msalaba. Kakaa kwenye baraza akasema kwa sauti ya kunifikia jikoni. Macho yamekutana, mtoto kavimba tumbo, nani haoni? Wasomi hawa, kutila kwao ni mchezo. Alikuwa anapona!

Hakuwa anapona! Figo hazijui nani kamwona nani! Nilitaka kutoka nje nimwambie hivyo, nimtajie na daktari. Nikabaki nimeshika mwiko. Kwa sababu kuna sauti ndogo ndani yangu, ya kipuuzi, ya Lyulilo, inauliza: Jumatatu alikuwa anaongea. Jumanne mmetazamana. Jumatano haongei.

Nimesoma fizikia miaka yote ile na bado nimeiuliza hiyo sauti, una uhakika?

Amri ya Shangazi: nisiukaribie ule ukuta. Niende kwetu mpaka nitakapoitwa. Mama kasema barabara haipitiki. Kweli haipitiki. Ndaga, Mama. Ndaga fijo, asante sana.


Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Wanaimba kanisani, nawasikia juu ya maji. Kafufuka, wanasema.

Mzee hakwenda. Hata Pasaka hakwenda.


Jumanne, 9 Aprili

Mpunga umeoza, kunanuka. Hakuna ndege, hakuna shamba, hakuna ibada ambayo Mzee ataikubali. Kwenda msalani anakwenda akiwa ameshika mlango kwa macho. Dirisha limefungwa.

Naona nimeishi kwenye ile sura yetu ya dirisha bila kujua. Tulichora tukaandika: ncha ikikosa mzigo mara ya kwanza, hakuna hasara, kamba itazunguka tena. Tuliandika kirahisi hivyo! Hatukuandika mzigo wenyewe unangoja kwa pumzi gani. Hatukuandika kwamba obiti ya chini inaoza, kwamba anayengoja kule naye anashuka. Tulikuwa wazima, tumeshiba wali na usipa, tunachora duara kwa kifuniko cha sufuria.

Nimemwuliza Mama kama Aliko ameniulizia. Mama kasema, ndiyo. Mama hajui kudanganya, alitazama pembeni.


Ijumaa, 12 Aprili

Haongei tena. Jana alitaja kamba, Mama kasema. Mara moja. Mzee akamwuliza, kamba imefanyaje, mwanangu? Hakumalizia.

Shangazi ameondoka, kasema atarudi na watu. Watu wa nini, hakusema. Sote tunajua watu wanaitwa kwa nini kwenye nyumba ya mgonjwa kama huyu.

Sijala. Sitaki. Kuku wanadonoa ugali wangu, wadonoe tu.

Nimewaza kuingia. Kusukuma mlango nikaingia, Mzee awepo asiwepo, wanipige, wanifukuze. Nilifika mpaka kwenye ngazi. Nikasikia Mzee akiimba ndani, polepole, wimbo wa kubembelezea watoto wa Kinyakyusa, Aliko alikuwa anauimba akiwa anaoga. Nikashindwa kumkatiza. Nikarudi jikoni. Mwoga mimi! Mwoga, mwoga!


Jumapili, 14 Aprili

Naandikia humu humu chumbani, daftari gotini. Lazima niandike, nisipoandika nitapiga kelele.

Ilikuwa hivi. Asubuhi, mvua imenyamaza, Mama kaja jikoni anatembea kama mtu aliyebeba chungu kimejaa. Mzee anakuita, kasema. Nikasema Mama, ananiitaje, haiwezekani. Kasema, na mimi nimemwambia hivyo. Mzee kamtuma hivi: mimi sitatoka. Nimemwahidi Eliya pale kaburini. Lakini Aliko anamgeukia mtu ambaye hayupo, kila akifungua macho anatazama mlango, na mimi siwezi kuwa huyo mtu. Mwambie aingie. Mimi nitatila.

Atatila yeye! Sijawahi kusikia, Makwale hii wala Lyulilo, baba mkwe amtile mke wa mwanawe. Mama naye hajawahi. Alikuwa anafuta macho kwa kanga anasema, Shangazi Veronika atatuua.

Nimeingia na kanga kichwani, natazama sakafu. Mzee yupo. Kiti chake amekigeuza, kinaukabili ukuta, naye amejifunika shuka mwili mzima kuanzia kichwani, hata kofia haionekani. Mkono mmoja tu umetoka nyuma, umepita pembeni ya kiti, umemshika Aliko mkono wa kushoto. Nimezunguka upande wa pili nikakaa. Nimemshika wa kulia.

Dirisha tumeliwahi. Mzigo haushikiki! Aliko wangu, nimefika — macho yamefunguka, yamenipitia, sijui kama yameona. Vidole vyake havirudishi. Nimeita jina lake sikioni mara nyingi. Pumzi inakuja, inakaa, inakawia, inakuja. Nilitaka kumwambia ananiacha na nani. Nilitaka kumwambia nilikuwa chooni siku ile, nilisikia. Kinywa changu hakikupata hata moja la maana, na Mzee yupo pale anasikia. Nikafungua kijitabu nikasoma.

Nimesoma kuanzia mwanzo, kwa sauti. Roketi na mafuta yake. Kombeo na jiwe. Ncha ya chini inavyorudi nyuma. Mama alitusikiliza kidogo, kisha kachukua ndoo kaenda kisimani, sidhani kama maji yalikuwa yamekwisha. Nimesoma mzigo unavyookotwa, unavyobebwa, unavyopita karibu na nyota, unavyoachiwa kule juu kwenda zake bila kuumia. Hapo "bila kuumia" nimeongeza mwenyewe, haimo.

Ukurasa ukaisha. Sura ya mwisho haijaandikwa. Nikafunga kijitabu.

Shuka limetikisika. Sauti imetoka kule ukutani, ya kizee, imekauka, si ya kugomba. Ni mara ya kwanza kunisemesha katika miaka tisa, ingawa kausemesha ukuta.

"Na kamba yenyewe, ikishamwachia, inakwenda wapi?"

Nimeinamia daftari hili. Naandika polepole ili nisimalize. Jibu nalijua, tumebishana nalo miaka mitatu. Hakuna wa kunibebea jibu, Mama yuko kisimani. Nikimjibu kwa mdomo wangu nimevunja kila kitu ambacho yeye kakishikilia chini ya shuka lile kwa ajili yangu. Na nikimjibu, nimjibu lipi? La Aliko la kupanda tena, au la kweli, kwamba inashuka?

Mkono wa kulia umeanza kuwa baridi kwenye vidole. Sijui wa kushoto. Yeye anajua.

Ameuliza tena.